Fundi wa Kabwe Anajibu: "C imejaa, D iko tupu"

Juni ni mwezi wangu wa walimu. Shule zikifunga wanashuka Kabwe na laptopu zimeviringishwa kwenye kitenge au zimebanwa katikati ya madaftari, na kwa baridi hii ya Mbeya wengi wanaomba kwanza chai, ndipo waeleze tatizo. Barua za mwezi huu nazo karibu zote ni za jambo hilo hilo: kugawa upya diski, au kile ambacho mtaani tunakiita "kupiga Windows", yaani kuiweka Windows upya. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu. Najua ni wengi wanaoliishi tatizo hilo na hawajaandika.

*Kamwene dada fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mafinga. Laptopu yangu ina diski ya GB 500. C ni GB 80 na imejaa, ule mstari umekuwa mwekundu. D ni GB 385 na ndani yake kuna nyimbo za kwaya na mitihani ya zamani tu. Kuwaka inachukua dakika saba. Fundi wa hapa anasema dawa ni kupiga Windows upya kwa shilingi 20,000, na kwamba vya D havitaguswa. Nimkubalie?* — Mwalimu, Mafinga

Kamwene mwalimu. Kabla hujatoa hiyo 20,000, tafuta folda unayowekea matokeo ya wanafunzi, ibofye kwa kitufe cha kulia, usome inakaa wapi. Naweka dau la soda kwamba iko C. Windows haikuulizi. Chochote unachoweka juu ya uso wa kompyuta, chochote unachokihifadhi kwenye Documents, picha, na vyote unavyopakua, vinaingia kwenye folda yenye jina lako, na folda hiyo iko C. Kwa hiyo fundi wako hajakudanganya. Vya D havitaguswa kweli. Ila amejibu swali ambalo hukumuuliza.

La pili, hiyo D si diski ya pili. Nalirudia hili kila wiki pale mezani. Baba akigawa shamba kwa watoto wawili, mpaka unakuwa jiwe moja na mparachichi mmoja, lakini moto ukipita hausomi mpaka. C na D ni vipande vya diski ileile, sahani zilezile zinazozunguka ndani ya kasha moja. Laptopu ikianguka kutoka kwenye bodaboda, zinakufa pamoja. Kuna watu wanaohamishia kazi zao zote D na kulala usingizi mnono, wakiamini wameweka nakala. Nakala ni ile iliyo kwenye kitu kingine, na hicho kitu kingine kisikae kwenye begi lilelile.

Sasa tuje kwenye dakika zako saba. C iliyojaa inachangia, lakini mimi ningeanza kwa kuishuku diski yenyewe. Pakua programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, iendeshe, utazame rangi. Bluu ni salama. Njano maana yake kuna sehemu za diski zimeanza kuchakaa, na hapo habari ya kugawa upya inaishia hapo hapo. Kusogeza partisheni, yaani hivyo vipande vya C na D, kwenye diski inayoumwa ni kumbebesha mgonjwa gunia la viazi. Nakili vyako, ununue SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka, Windows mpya iingie humo. Na hata rangi ikiwa bluu, ukipata hela ya SSD nunua. Nimeona laptopu za miaka kumi zikiwaka chini ya nusu dakika baada ya kubadilishiwa diski tu. Ile ya zamani utaitia kwenye kasha la USB iwe ya kuwekea nakala.

Ukiamua kubaki na diski hiyo hiyo, na ni nzima, huhitaji kupiga Windows hata kidogo. Unahitaji kusogeza mpaka. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na X, chagua Disk Management, utaona vipande vyako vimepangwa kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanaipunguza D, wanapata nafasi tupu ya GB 120, wanarudi kwenye C kubofya kupanua, wanakuta neno limefifia, halibofyeki. Sababu ni kwamba C inapanuka tu kwenye nafasi iliyogusana nayo upande wa kulia, na D ukiipunguza, nafasi inatoka mkiani mwake, mbali na C. Kati yao bado D imekaa.

Kwa kuwa D yako haina vitu vingi, njia fupi ni hii. Nakili vyote vya D kwenye flashi au diski ya nje, halafu fungua faili tatu nne kutoka huko uhakikishe zinafunguka. Ndipo uifute D, uipanue C ifike GB 200, na nafasi iliyobaki uitengenezee D mpya na kurudisha vitu. Kazi ya saa moja, na sehemu kubwa ya hiyo saa ni kusubiri nyimbo za kwaya zihame. Video ya tamasha ikikataa kuingia kwenye flashi ilhali nafasi ipo, flashi yako imefomatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili linalofika GB 4. Ifomati kwa exFAT, baada ya kutoa kilichomo.

Ukikuta katikati ya C na D kuna kipande kidogo kisicho na herufi, cha megabaiti mia kadhaa, usikifute kwa hasira. Huenda ni kipande cha Windows cha kujiokolea. Kinaweza kusogezwa kwa GParted, programu ya bure inayowashwa kutoka kwenye flashi bila kuingia Windows. GParted hiyo hiyo inaweza hata kuivuta D nzima kulia bila kufuta kitu, ila inahamisha data yote hatua kwa hatua, na inaweza kuchukua saa nyingi. Umeme ukikatika katikati na betri yako ndiyo ile ya dakika tano, utalia. Mimi siianzi kazi hiyo mchana wa mvua.

Jambo moja zaidi, dogo kwa maneno ila limeliza watu. Tazama kama alama ya C ina kufuli. Ikiwa nayo, diski imefungwa kwa BitLocker, na mashine inaweza siku moja kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi uko kwenye akaunti yako ya Microsoft, ile uliyofunguliwa na kijana wa dukani kwa barua pepe ambayo hukumbuki. Ukumbuke kwanza, ndipo ugawe.

Usije ukadhani nawasema mafundi wenzangu. Mwaka 2013, nikiwa na meza moja chini ya ngazi pale Mwanjelwa, mpiga picha wa harusi aliniletea kompyuta yake nimpigie Windows. Ilikuja na diski ya nje ya TB 1, nikaiacha imechomekwa. Nilipofika kwenye ukurasa wa kuchagua diski nikaona Disk 0 na Disk 1, nikafuta partisheni ya ile niliyodhani ni ya ndani. Windows ikaniandikia kwamba haiwezi kuwekwa hapo. Sikusoma ujumbe wote. Nikadhani inataka ifomatiwe, nikafomati. Ikakataa tena. Ndipo niliposoma hadi mwisho: haiwezi kuwekwa kwenye diski iliyounganishwa kwa USB. Nilihisi miguu yangu imekuwa ya mtu mwingine.

Kilichoniokoa ni kwamba fomati ya haraka haifuti data. Inafuta orodha tu, kama mtu aliyechana daftari la mwenyekiti wa mtaa: nyumba zote zipo, ila hakuna anayejua nani anakaa wapi. Niliiendesha PhotoRec, programu ya kufufua mafaili, usiku mbili, ikazirudisha picha karibu zote, lakini bila majina wala folda, kila moja inaitwa f na msururu wa tarakimu. Harusi tatu zimechanganyika. Tukakaa na yule bwana tukizitenganisha kwa magauni ya mabibi harusi. Harusi mbili zilikuwa na wasimamizi waliovaa rangi moja ya zambarau, na hadi leo sina hakika kama kila familia ilipata shangazi zake. Tangu siku hiyo, kabla sijaanza kazi nachomoa kila kitu, mpaka kipanya.

*Fundi, nipo chuo hapa Iringa. Laptopu yangu ni Core i5 ya kizazi cha 11, ina SSD. Nataka kupiga Windows upya, kisha niweke na mfumo wa Ubuntu pembeni kwa ajili ya masomo. Flashi nimeiandaa kwa programu ya Rufus, inawaka vizuri, lakini nikifika kwenye kuchagua diski orodha iko tupu. Rafiki yangu anasema SSD imekufa. Windows ya zamani bado inawaka.* — Mwanachuo, Iringa

Kama Windows ya zamani inawaka, imewaka kutoka wapi, mwanangu? SSD iko hai. Mashine nyingi za Intel kuanzia kizazi hicho cha 11 zimewashiwa kitu kiitwacho VMD, kilicho ndani ya prosesa, kinachosimama kati ya Windows na SSD. Windows ya kwenye flashi yako haina draiva yake, yaani programu ndogo ya kuitambua, kwa hiyo haioni mlango. Nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, andika modeli yako, pakua draiva ya Intel RST, uifungue na kuiweka kwenye flashi ileile. Ukirudi kwenye ile orodha tupu, chini kuna sehemu ya kupakia draiva. Ielekeze huko, diski itatokea. Wapo wanaozima VMD kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, nayo inafanya kazi kama unafuta kila kitu. Ila ukiizima halafu ukabadili mawazo, Windows ya zamani haitawaka mpaka uiwashe tena, na utanipigia usiku.

Diski ikitokea halafu mashine ikasema haiwezi kutumia mtindo wake wa GPT, rudi kwenye Rufus uchague GPT na UEFI, siyo ule mtindo wa zamani. Tofauti yake kwa ufupi: MBR ni jedwali la enzi za zamani, linaruhusu partisheni kuu 4 tu na halivuki TB 2. GPT kwenye Windows inaruhusu 128. Kwa anayetaka kuhama bila kufuta, Windows 10 tangu mwaka 2017 ina chombo kinachoitwa mbr2gpt, lakini wewe unapiga upya, hukihitaji.

Ubuntu iwe ya mwisho kuingia. Ukitangulia nayo, Windows ikija itajiweka mbele wakati wa kuwaka bila kuaga. Ukiwa ndani ya Windows ipunguze C, acha GB 60 au zaidi wazi bila kuzifomati, na uzime ule uwashaji wa haraka, vinginevyo C inabaki kama mtu aliyelala jicho moja wazi na Ubuntu itakataa kuiandikia. Ukijaribu kupunguza ukaambiwa unaweza kutoa GB chache tu wakati nafasi ipo tele, ni mafaili ya Windows yasiyosogezeka yamekaa katikati, mara nyingi lile la kuhifadhi usingizi wa mashine. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, ujaribu tena.

Halafu usishtuke ukirudi Windows na kukuta saa imechelewa kwa saa tatu kamili. Ubuntu inaiweka saa ya ubao mama kwa majira ya dunia, Windows inaisoma kama ni saa ya hapa kwetu, na sisi tuko saa tatu mbele. Ukiwa Ubuntu andika timedatectl set-local-rtc 1, yaishe. Tayari tuna tofauti ya saa sita kati ya saa yetu na ya kompyuta. Hatuhitaji nyingine tatu.

*Dada, nina stesheneri Tukuyu. Nimenunua diski mpya ya GB 500, nimeichomeka, inaonyesha 465. GB 35 zimeenda wapi? Nimeibiwa?* — Mwenye stesheneri, Tukuyu

Hujaibiwa. Mwenye kiwanda anahesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja. Windows inahesabu 1,024 mara 1,024 mara 1,024, halafu inaandika herufi zilezile GB. Bilioni 500 ukizigawa hivyo unapata 465 na ushee. Diski ya TB 1 itakuonyesha 931. Wewe wa Tukuyu unalijua jambo hili kwa viazi: gunia ni gunia, lakini la lumbesa na la kawaida si sawa. Hapa lumbesa iko kwa Windows, na kiwanda kinafunga gunia la kawaida.

Wizi wa kweli uko kwenye flashi za TB 2 zinazouzwa bei ya chakula cha mchana. Ndani kuna GB 16 au 32, na zimechezewa zidanganye kompyuta. Zinapokea mafaili yote kwa heshima, halafu siku ya kufungua hayapo. Kabla hujaiuzia mtu, ijaze kwa programu ya H2testw uone kama inarudisha kila ilichopewa.

*Kaka fundi, mimi ni karani wa chama cha msingi cha kahawa, Mbozi. Kompyuta yetu ni ya 2015, ina Windows 10. Tumeambiwa imekwisha muda wake na Windows 11 haikubali, hivyo tuitupe. Ndiyo?* — Karani, Mbozi

Dada fundi, mdogo wangu, ila nimezoea. Msitupe kitu. Microsoft walisitisha msaada wa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kompyuta haikuzimika siku hiyo wala haitazimika. Kilichokoma ni viraka vya usalama vya bure kwa kila mtu, na kuna nyongeza ya viraka kwa watumiaji wa nyumbani inayofika Oktoba 13, 2026 tu. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inaanzia prosesa za kizazi cha 8, kwa jumla. Ya 2015 haifiki huko.

Najua kuna vijana wanaoweza kuilazimisha. Hata mimi naweza. Kwenye mashine ya mtu ya kutazamia filamu ningefanya, lakini kwenye mashine yenye majina na malipo ya wakulima sifanyi, kwa sababu Microsoft hawaahidi viraka kwa mashine iliyoingizwa kwa dirishani, na sasisho moja likigoma msimu wa malipo mtanitafuta mimi. Ningewawekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Jedwali zenu za kawaida zitafunguka kwenye LibreOffice, programu yake ya bure ya kazi za ofisi. Kama kuna moja aliyoitengeneza mtu kwa makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya jedwali, au programu maalumu mliyopewa, ijaribuni kwanza. Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hiyo mnaweza kufanya nayo kazi siku mbili tatu, mkiona haiwafai mnachomoa flashi na kila kitu kiko palepale. Mkiipenda, nakilini vitabu vyote kwenye diski mbili za nje kabla hamjaiweka moja kwa moja, moja ikae ofisini, nyingine kwa mwenyekiti.

*Ndaga fijo kwa ushauri wenu wa kila mwezi. Jana usiku nilikuwa napiga Windows mwenyewe hapa Kyela nikafuta D kwa bahati mbaya. Ilikuwa na picha zote za marehemu mama. Sijaifomati. Diski ni ya zamani ya kuzunguka. Naandika kwa simu.* — Msomaji, Kyela

Zima kompyuta sasa hivi. Usiimalizie ile Windows, usipakue chochote ndani yake, usitengeneze D mpya "kuona kama itarudi". Uliyofuta ni mpaka tu, picha ziko pale zilipokuwa, na kila kitu kipya utakachoandika kinaweza kuzikalia. Diski ya kuzunguka ni bahati yako. Ingekuwa SSD, mara nyingi yenyewe hufagia nafasi iliyofutwa baada ya muda mfupi, na hapo huwa sina la kufanya.

Ukiwa na kompyuta nyingine na mtu mwenye mkono mtulivu, toa diski, ichomeke kwa kasha la USB, mwendeshe programu ya TestDisk. Itazitafuta alama za partisheni iliyopotea na kukuonyesha mafaili yakiwa na majina yake kamili. Msiandike chochote kwenye diski hiyo. Nakilini kwanza picha kwenda diski nyingine, kurudisha mpaka kuje baadaye. Ukiona D haionekani hata hapo, usijaribu tena kwa kubahatisha. Panda basi la asubuhi uje Kabwe, na uje na diski ya nje tupu iliyo kubwa kuliko hiyo, maana mara tatu mwezi huu watu wamekuja mikono mitupu tukaanza kuzunguka maduka. Malipo tutaongea. Mchele wa Kyela sijawahi kuukataa.